Bafta Mbele ya Nyama

Baba yangu, Mbaruk, aliuza nyama ya mbuzi nyuma ya soko la Kariakoo, na kila asubuhi kitu cha kwanza alichokiweka mezani kilikuwa kichwa. Kilikaa ukingoni, kimeelekea njiani, koo limeinuliwa kidogo kwa kigae, ili mteja aone kisu kilipopita na ajue mnyama kachinjwa, hakufa kibudu. Nyuma yake zilining'inia mbavu na mapaja kwenye kulabu. Ndivyo wateja wetu walivyotaka. Nyama waione yote kabla ya kuiulizia.

Ng'ambo ya njia palikuwa na duka la nguo la Narendra, na ubavuni mwa duka lile dirisha la chumba cha mkewe, Harshida. Dirisha hilo lilikuwa halijafunguliwa tangu masika, binti yao Ila alipofariki kwa homa. Alikuwa na miaka miwili.

Harshida alizaliwa Unguja, Kiswahili chake kizuri kuliko changu, na ndiye aliyenishikisha sindano baada ya mama yangu kufariki. Sasa alikuwa na mimba ya miezi mitano na chakula hakipiti. Nilipokwenda kumtazama nilimkuta kakaa gizani saa nne za asubuhi.

"Nikifungua, yule wa mezani kwenu ananitazama," aliniambia.

"Ni mbuzi, dada."

"Najua ni mbuzi. Hanitazami kwa ubaya, Saadiya. Ananitazama kama ananijua."

Jumatatu Narendra akavuka njia, akasimama pembeni ya meza yetu, uso kaugeuzia sokoni.

"Bwana Mbaruk, sikuja kukufundisha kazi yako. Nakwambia tu kama jirani. Mke wangu hali chakula, hapati usingizi. Jumamosi kuna meli, nampeleka kwa kaka yake Unguja."

"Atarudi?" niliuliza, nikasahau kwamba wanazungumza wanaume.

Narendra akaliangalia lile dirisha lililofungwa.

Baba alitaka kumsaidia lakini hakujua kwa vipi. Akiondoa kichwa, wateja wataondoka nacho. Mimi ndiye niliyesema tutundike kitambaa, mteja akifika tunafunua, akiondoka tunafunika. Narendra alifurahi hata akavuka mwenyewe dukani kwake, akarudi na yadi nne za bafta mpya, nyeupe, akakataa kulipwa. Baba naye, ili harufu isimfike yule mama, akafukiza ubani kwenye chetezo chini ya meza.

Asubuhi ya Jumanne, basi, duka letu lilikuwa limefungwa bafta nyeupe kutoka juu hadi chini, na moshi wa ubani unatoka.

Muhiddin, fundi baiskeli, alipofika akavua viatu.

"Inna lillahi," alisema. "Bwana Mbaruk, nani?"

"Nani nini?"

"Aliyefariki."

"Mbuzi," alisema Baba.

Watu wakakusanyika. Bi Tatu, muuza vitumbua, akaushika upindo wa kitambaa kwa vidole viwili. "Mbuzi kavishwa bafta na kufukiziwa ubani. Mimi mume wangu nilimzika kwa chini ya hapo."

"Shikamoo, Bi Tatu," nilisema. "Nikufunulie uone?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeshaona. Nyama ya kufunuliwa kama maiti siipeleki kwa wajukuu."

Wakacheka, wakaenda kwa muuzaji mwingine. Damu ikapenya bafta, doa moja dogo, kisha la pili. Upepo ulipovuma, kitambaa kililalia kichwa, na pua na paji la uso vikajichora wazi. Nilikuwa namtazama mbuzi yule kila siku na sikuwahi kumwogopa. Sasa nilimwogopa.

Ndipo niliposikia dirisha la ng'ambo likifunguka. Harshida alikuwa amesimama, kazikamata nondo za dirisha kwa mikono yote miwili. Hakupiga kelele. Aliniita kwa kiganja tu, nikakimbia.

"Nani kakwambia utundike kile?"

"Ni kwa ajili yako, dada. Usione."

"Bafta ile imetoka jora gani?"

Nikamwambia sijui, kaileta Bwana Narendra. 

"Tunalo jora moja tu la bafta nyeupe. Ndilo tulilomkatia Ila sanda." Alisema polepole, kama mtu anayehesabu mishono. "Nilimfunga mimi mwenyewe. Alikuwa na homa, hata alipokwisha alikuwa bado na joto, na kitambaa kikamgandia usoni hivyo hivyo. Kitoe, Saadiya. Kitoe, nije nimwone."

Nilirudi nikaivuta bafta ikaanguka.  Harshida akavuka njia, mtandio kaubana mdomoni, mwanamke asiyewahi hata kukanyaga baraza letu. Akasimama mbele ya kichwa. Wapita njia wakasimama naye.

"Ana kope," alisema.

"Anazo," Baba akajibu.

"Mfumbeni macho. Yule wangu nilimfumba."

Baba aliniangalia. Nikanyoosha kidole gumba nikayashusha makope, moja, la pili. Yalikuwa baridi na laini. Harshida akakitazama kichwa mpaka pumzi yake ikatulia, kisha akarudi kwake. Adhuhuri mtumishi wao alikuja kuniambia kwamba bibi kala wali na maziwa, sahani nzima. Jumamosi meli ikaondoka bila yeye.

Lakini macho ya mbuzi hayakai yamefumba. Ukiyafumba asubuhi, kabla jua halijakaza yameshafumbuka, hata ukiyakandamiza, hata ukiyawekea chumvi. Nimejaribu.

Kila siku, kabla ya kufungua dirisha, Harshida huniuliza kutoka ndani, "Leo kafumba?"

"Kafumba, dada."

Halafu mimi husimama mbele ya meza, mgongo kwa kichwa, kanga nimeitanua kwa mikono miwili kama ninayejitengeneza. Dirisha hufunguka, yeye huketi na cherehani yake, huniinulia uso tunasalimiana. Wateja huja kwa upande wa Baba, wanaona wanachotaka kuona. Mimi nasimama hapo hapo mpaka atakapomaliza pindo, natabasamu, na nahisi kabisa, kati ya mabega yangu, mahali ninapotazamwa.