Mboga za Oloo

Kitwana hakuwa na ugomvi na mboga. Kwao Tanga alikula mchicha, akala kisamvu, na hakuna aliyemsikia akilalamika. Ugomvi wake ulikuwa na Oloo, na ulianzia mezani kwake mwenyewe, hapo Guildford, kwenye sahani aliyoinunua kwa jasho lake la kuendesha basi.

Oloo alikuwa jirani wa uzio mmoja. Mkenya mrefu, anaishi peke yake, akicheka anasikika mpaka stesheni. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na uwanja mkubwa, na uwanja huo, jamani, ulistawi! Mchicha umefika magotini, majani ya maboga yamepanda mpaka juu ya uzio, nyanya, bamia, pilipili, taja unachotaka. Kwa Kitwana kulikuwa na saruji tupu. Aliimwaga mwaka walipohamia ili apate pa kuegesha magari mawili. Mkewe Ikupa alipomwomba abakize kipande cha kupandia japo vitunguu, alimjibu kwamba yeye hakumvusha mke bahari ili aje kushika jembe. Na alijiona amesema neno la heshima.

Basi karibu kila siku mfuko ulivuka uzio. Kitwana akirudi kazini saa kumi anamkuta Oloo amenyoosha lile likono lake. "Mboga hiyo, Mama Frida!" Ikupa anapokea, anacheka. Anacheka nini? Mchicha una kichekesho gani?

Kibaya zaidi, zilikuwa tamu. Ikupa aliziunga kwa karanga, na Kitwana alizila kwa hasira mpaka akaufuta mchuzi kwa ugali. Siku moja akapita madukani Blacktown akarudi na mafungu matatu ya spinachi, makubwa, ya kununua, akayabwaga mezani kama mtu aliyeleta mbuzi. Ikupa akayapika vizuri tu. Binti yao Frida, miaka tisa, akaonja, akasukuma sahani.

"I want Uncle Oloo's, Dad."

Uncle Oloo! Siku hiyo Kitwana alilala na njaa, na wala si kwa kukosa chakula.

Halafu kukatokea habari ya ndala. Ikupa alikuwa anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee Jumamosi na Jumapili, siku nyingine yuko nyumbani. Alasiri moja Kitwana alizikuta ndala za mkewe mlangoni zimeganda udongo mbichi. Nyumba ya saruji mbele na nyuma, udongo umetoka wapi?

"Nilikwenda kuchuma mboga kwa jirani," alisema Ikupa, macho kwenye sinki.

Kitwana hakuuliza tena, ila tangu hapo wivu ulihamia kwake na virago vyake vyote. Akiwa anaendesha basi anawaza. Mtu anachuma mboga asubuhi nzima? Anachumia kijiji? Akifika nyumbani anamtazama mkewe kucha. Kucha safi, zimesuguliwa. Zimesuguliwa kwa nini?

Januari, kiangazi cha huku kusini mwa dunia, shule zimefungwa, mdogo wake Ikupa aitwaye Avelina akajifungua huko Macquarie Fields. Ikupa akamchukua Frida wakaenda kumsaidia mzazi kwa wiki mbili. Siku tatu baadaye Oloo akagonga mlango, macho mekundu. Mdogo wake amefariki Kisumu, anaruka jioni hiyo kwenda kuzika.

"Bro, nisaidie kumwagilia hii shamba," alisema, akimpa ufunguo wa geti. "Jioni tu. Jua ya huku unaijua."

"Pole sana, ndugu yangu. Nenda na amani, hilo niachie mimi," akajibu Kitwana. Na pole ile ilikuwa ya kweli. Hakuwa mtu mbaya, Mungu anajua.

Siku ya kwanza alimwagilia. Akarudi ndani, simu ikaita. Ikupa.

"Baba Frida, umemwagilia kule?"

Hujambo hakuna. Umekula nini hakuna. Siku ya pili alipiga tena kabla hata Kitwana hajavua viatu. "Yale majani ya maboga yape maji mengi. Na mchicha usiupige maji ya mpira kwa nguvu, utalala." Sauti yenyewe laini, sauti ambayo Kitwana hakukumbuka kuisikia tangu siku za uchumba. Ikamchoma. Akaweka simu chini, akaketi kwenye kochi, na siku hiyo hakwenda.

"Nimemwagilia," alisema siku iliyofuata. Akasema hivyo siku kumi.

Na joto lilikuwa la kufa mtu. Kila alasiri alisogea kwenye uzio, akachungulia. Siku ya tatu majani yalikuwa yamelegea. Siku ya sita mchicha ulikuwa chini. Siku ya tisa majani ya maboga ukiyagusa yanavunjika. Tuseme ukweli: alifurahi. Roho ilimtulia, akaingia ndani akajikaangia mayai, akala huku anapiga mluzi.

Ikupa alirudi asubuhi. Akatua begi mlangoni, hakuingia ndani, akachukua ufunguo wa geti kwa Kitwana, akaenda moja kwa moja kwa Oloo. Kitwana akamfuata, maneno ya jua kali ameshayapanga mdomoni. Akamkuta amepiga magoti kwenye udongo uliopasuka, ameshika shina kavu, analia. Hapo maneno ya jua yakampotea.

"Unamlilia Oloo? Mbele ya macho yangu unalilia mboga za mwanamume mwingine?"

Ikupa akamtazama kana kwamba anaongea na mlevi.

"Oloo gani? Oloo hajui hata kupanda kitunguu! Hizi ni zangu. Alikuwa na nyasi tu hapa, nikamwomba kipande, akanipa uwanja wote. Miaka miwili, kila asubuhi ukiwa kazini. Mbegu nimeombaomba kwa kila mtu kanisani. Nilimsihi asikwambie, anipe mboga mbele yako kama zake, kwa sababu ulishasema mke wako hashiki jembe, nikaogopa maneno yako." Akajifuta uso kwa mgongo wa mkono. "Ulisema umemwagilia."

Zile mboga Kitwana alizozila kwa hasira, zote, zilikuwa za mkewe. Bado angeweza kusingizia jua. Lakini aliona ukweli utamsaidia, kwamba mke akijua aliyelengwa ni Oloo, atamwelewa.

"Sikumwagilia," alisema. "Mama Frida, nisamehe. Wallahi sikujua ni zako. Nilidhani ni za Oloo."

Ikupa akasimama taratibu. Machozi yalikuwa yamekatika.

"Na kama zingekuwa za Oloo?"

Kitwana akainamisha macho kwenye lile shina kavu.

"Mtu amekwenda kumzika mdogo wake, amekuachia ufunguo mkononi. Zingekuwa zake, Kitwana, ndiyo ingekuwa sawa?"

Tangu Frida azaliwe Ikupa hakuwahi kumwita hivyo, jina tupu, kama anavyoitwa na abiria wanaolisoma kwenye beji kifuani mwake. Ikupa akapita pembeni yake akarudi nyumbani.