Viazi vya Jikoni kwa Watiri

Jioni ilimkuta Gathoni kwenye kigoda jikoni kwa dada yake Watiri, moshi ukimchoma macho na swali akiwa bado hajalitoa.

Tangu asubuhi alikuwa amepanda na kushuka kilima chao cha Mukurweini akiuliza kila boma lina watoto wangapi. Akina mama walimpa uji, wakamsifu kwa kusoma koleji, kisha wote wakajibu, "Mungu ndiye ajuaye." Nani asiyejua kwamba mtoto akihesabiwa ameitiwa kifo? Gathoni mwenyewe alilijua hilo kabla ya kujua a, e, i.

Bwana Simiyu, mkubwa wake katika ofisi ya Kaunti Kanso, baraza la wilaya, mjini Nyeri, hakulelewa huku. "Kamati inakaa Ijumaa," alimwambia. "Shule mpya ni moja na vilima ni viwili. Ng'ambo pasta amewaandikisha watoto wote. Kwenu mkinyamaza, itajengwa ng'ambo."

Na ng'ambo ni kuvuka mto. Masika iliyopita, mto huo ulimchukua Murugi, binti wa Watiri, akienda shule.

"Sema basi, karani wa Kanso," Watiri alisema akimenya viazi vitamu. "Au mpaka uchaguliwe mwenyekiti?"

"Dada, unajua nilichokuja kuuliza."

"Najua. Kabla ya uhuru alikuja karani mwingine. Nikafungua mdomo huu, nikamtajia idadi ya wanangu. Mto ukasikia." Kisu kilisimama. "Ati leo ananiuliza mdogo wangu mwenyewe."

"Shule ikijengwa huku, hakuna atakayevuka tena."

"Na nikikutajia, nani atabaki wa kuisoma?"

Gathoni aliinamisha kichwa. Akina mama wote walikuwa wakimtazama Watiri. Akikataa yeye aliyefiwa, nani angekubali? Wakinyamaza, mto. Wakisema, mto. Alitamani kuinuka aende zake, lakini kwenda wapi? Ofisini kulikuwa na Simiyu, na hapa mlangoni watoto wa dada yake walikuwa wakicheza, wakingoja chakula.

Watiri akaanza kutia viazi sufuriani, kila mtoto na chake, kama mama yake na Gathoni alivyokuwa akiwapikia utotoni. Macho ya Gathoni yakaufuata mkono ule. Kimoja kilizidi watoto wa mlangoni.

"Unahesabu," Watiri alisema bila kugeuka.

"Nisamehe, dada. Ni macho tu."

Watiri akasukuma kuni, moto ukalia chini ya sufuria.

"Macho hayana mdomo," alisema mwishowe. "Kesho pita jikoni kwa akina mama wakipika. Nitawaambia watie kama mimi. Usiulize kitu. Andika viazi."

Kisha akaingiza mkono sufuriani kabla maji hayajachemka, akatoa kiazi kimoja kidogo, akakiweka kiganjani mwa mdogo wake na kumfumba vidole.

"Hiki usikiandike."