Filta Iliyokazwa na Ukoo Mzima

Katika ukoo niliooa, hakuna kazi inayofanywa na mtu mmoja. Mke wangu akitia chumvi kwenye mboga, mama yake hupita nyuma akaongeza kidogo, kisha baba yake huonja na kuongeza kidogo tena, halafu wote watatu hukaa mezani wakilalamika kwamba chumvi ya siku hizi ni kali. Mlango ukishafungwa, hutikiswa na kila apitaye ukumbini. Si kwamba hawapendani. Wanapendana mno, ila hawaaminiani hata kwa kifuniko cha chupa ya chai.

Chanzo cha yote ni baba mkwe. Alikuwa mkaguzi wa mizani madukani na sokoni, na alipostaafu alirudisha sare lakini ukaguzi akabaki nao. Majirani humwita Mzee Hebu, maana kila sentensi yake huanza na "Hebu nione." Mimi ni fundi bomba, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni: tangu nimwoe binti yake, sijafunga bomba katika nyumba ile bila mzee kuja nyuma yangu na spana.

Sasa, mzee huyu ana gari la spoti. Ni dogo, la rangi ya fedha, viti viwili tu, na liko chini kiasi kwamba ukishuka unajikuta umechuchumaa. Analiosha mwenyewe, analifuta mwenyewe, na hakuna mwingine aliyewahi kushika usukani wake, hata mama mkwe. Lakini alikuwa amepasuliwa jicho, daktari akampiga marufuku kuendesha, na kaka yake mkubwa katika mji wa jirani alikuwa akimngoja Jumamosi ile. Ama gari libaki nyumbani, ama mtu mwingine aliendeshe.

"Mume wangu si yupo?" mke wangu akasema.

Mzee akavua miwani yake myeusi, akanitazama kwa lile jicho zima.

"Gari limefika wakati wa kubadilisha oili na filta," akasema. "Abadilishe. Halafu tutaona."

Ulikuwa mtihani, na kila mtu mezani aliujua. Nami niseme wazi: nilitaka kuufaulu. Nilitaka, walau mara moja, mzee huyu aiache kazi yangu jinsi nilivyoiacha mimi.

Asubuhi ya Jumamosi nikaenda dukani kwa Mama Spea na filta ya zamani ndani ya mfuko wa plastiki, inanichuruzikia oili mpaka kwenye viatu. Filta orijino ya gari lile haitengenezwi tena, hivyo ilibidi nichague za kampuni nyingine. Mama Spea akaziweka tatu juu ya kaunta.

"Chukua hii nyekundu. Vijana wanaigombania."

Iling'aa kweli, na hesi zake, ile mikunjo ya kufungia, zililingana na za ile ya zamani. Tatizo lilikuwa urefu. Kwa gari lililo chini vile, ingening'inia chini ya bamba la kukinga injini, na tuta la kwanza lingeondoka nayo. Ya pili urefu wake ulifaa, lakini nilipoingiza njiti ya kiberiti kwenye vitundu vyake sikukuta kitu. Katika gari lile filta hulala ubavu. Isipokuwa na ule mpira mdogo wa ndani, oili yote hurudi chini injini ikizimwa, na kesho yake injini huamka kavu, inagonga. Ya tatu ilikuwa nyeusi, sura mbaya, lakini njiti iligusa mpira laini, na duara la mpira wa nje lililingana na la ile ya zamani. Nikaigeuza, nikaipima tena, nikainusa.

"Wewe unanunua filta au unaposa?" Mama Spea akaniuliza.

"Nimeshaoa, mama. Ndiyo maana siku hizi nachagua kwa makini."

Nyumbani gari lilikuwa juu ya stendi nilikoliacha, nikajipenyeza chini yake. Nilikuwa nimeshamwaga oili chafu kwenye beseni. Nikafuta mahali pa kukalia filta mpaka pakawa safi, nikahakikisha mpira wa zamani haukubaki umeganda pale, nikaupaka mpira mpya oili kwa kidole. Kisha nikaizungusha kwa mkono mpaka ikagusa, nikaongeza robo tatu ya mzunguko, basi. Filta hukazwa kwa mkono. Mpira ndio unaozuia, nguvu zako hazina kazi pale. Nikajaza oili mpya, nikawasha, taa ya oili ikazimika, nikapapasa chini kwa kitambaa cheupe. Kikavu. Nikamwonyesha mzee kitambaa. Akakitazama pande zote mbili, akaguna.

Nikaliacha gari palepale juu ya stendi, nikapeleka oili chafu gereji ya kona, wanakoikusanya kwenye pipa. Sikukawia. Niliporudi nikawasha tena kuhakikisha kabla ya kulishusha, nikasikia kitu kinadondoka. Nikainama. Oili ilikuwa ikitiririka kwenye filta na kufanya dimbwi sakafuni, nayo filta yenyewe ilikuwa imebonyea ubavuni kama kopo lililokanyagwa.

Nikazima injini. Wote watatu walikuwa wamesimama barazani, kila mmoja anatazama upande wake.

"Nani kagusa hapa?"

"Mimi niliikaza kidogo tu," mzee akasema. "Kwa mkono, kwa usalama."

"Na mimi nikamwona," mama mkwe akadakia, "nikasema tangu apasuliwe jicho mikono yake haina nguvu. Nikaenda na ule mkanda wake wa kufungulia filta. Kidogo tu."

Mke wangu alikuwa bado anatazama bustani.

"Na wewe?"

"Mimi nilichukua ile spana yako ya bomba."

"Spana ya bomba! Mke wa fundi mzima!"

"Sikutaka ivuje!" akafoka, na machozi yakamlenga. "Nilijua ikivuja hata tone moja, Baba atasema si nilikwambieni. Sikutaka uaibike."

Hasira zilikuwa zimeshanipanda, lakini kauli ile ikazipoza. Nikaketi kwenye tairi la akiba. Mama mkwe akatikisa kichwa, akasema manahodha wengi chombo huenda mrama. Aliyasema hayo na mikono yake ina oili mpaka viwikoni.

"Baba," nikasema, "nakuheshimu. Lakini leo nikifunga, nimefunga. Ukiigusa tena, mtafute mwingine wa kukupeleka."

Sikuwahi kumwambia maneno kama hayo.

Nikarudi kwa Mama Spea. Akaniuliza kama ndoa ya kwanza imevunjika, nikamwambia ilivunjwa na wakwe. Akanipa nyingine nyeusi kama ile. Nikasafisha, nikapaka, nikazungusha, robo tatu, nikaongeza oili iliyopotea, nikawasha, nikapapasa kwa kitambaa. Kikavu. Nilipochomoka chini ya gari na kulishusha kwenye stendi nikamkuta mzee kwenye kiti cha plastiki, amekalia viganja vyake vyote viwili. Usoni alikuwa na mateso ya mtu anayejizuia kupiga chafya.

"Tayari?" akauliza.

"Tayari."

Akainuka, akazunguka gari bila kuchungulia chini, akafungua mlango wa abiria na kujitumbukiza ndani.

Mwanzoni mwa safari alinitesa. Kila nilipokaribia gari lingine mguu wake ulikanyaga breki isiyokuwepo. Alinisomea mwendo, alinisomea vibao vya barabarani, aliniambia taa ya kijani ni ya kijani. Nami nilikuwa nikiitazama taa ya oili kuliko barabara yenyewe. Baadaye barabara ikanyooka, injini ikawa inaimba taratibu, na mzee akanyamaza. Nikadhani amenuna.

Nikaingia kituo cha mafuta kupokea simu ya mke wangu.

"Filta inavuja?"

"Haivuji."

"Baba anasemaje?"

Nikageuka. Miwani ilikuwa imemteremka puani, mdomo wazi, mikono imelegea mapajani.

"Hasemi kitu. Amelala."

Nikasikia akimwita mama yake kwa sauti, kisha mama mkwe akaishika simu.

"Usinidanganye. Mtu huyu halali hata kwenye treni. Msogezee simu."

Nikamsogezea. Alikuwa anakoroma vizuri sana, ndani ya gari lake, upande wa abiria. Niliporudisha simu sikioni, mama mkwe alikuwa ameshusha sauti.

"Basi endesha taratibu, mwanangu," akasema. "Usimwamshe."