Mashati ya Roboti

"Basi gawa na cherehani kabisa," nilimwambia wifi yangu. "Gawa meza, gawa pasi, mimi niachie kiti nikakae kituo cha basi."

"Sijasema gawa. Nimesema azima."

"Kiolezo cha shati hakiazimwi. Mtu akishakiweka mezani kwake na kuzungushia chaki, kimekuwa chake. Utakirudisha vipi? Utamwambia asahau?"

Wifi, dada wa mume wangu, hashindwi kwa maneno. Alikuwa anatia uzi kwenye mashine ya ovaloki na aliendelea kutia huku akinijibu, jambo lililoniudhi zaidi, kwa sababu mimi nikigombana siwezi hata kushika sindano.

"Mashati mia tatu na sitini," alisema. "Siku ishirini na moja. Tuko watatu, na mmoja wetu anakwenda kunyonyesha kila baada ya saa mbili. Wewe mwenye diploma, nipigie hiyo hesabu."

Sikuipiga. Nilikuwa nimeshaipiga asubuhi, mara mbili. Shati moja linakula saa tatu. Watatu tukishona kutwa tunatoa manane. Kwa siku ishirini na moja ni mia moja sitini na nane, ikiwa hakuna atakayeumwa na umeme usikatike. Hata nusu hatufiki.

Mashati yenyewe si ya watu. Tunaivalisha mikono ya roboti. Mainjinia wanayaita vifuniko, lakini kitu chenye bega, kiwiko na mwisho wa mkono wenye pindo, mimi nakiita shati.

Miaka sita iliyopita hapa hapakuwa na roboti wala mwenye habari nazo. Palikuwa na kiwanda cha nyuzi na nguo, nami nilikuwa msimamizi wa idara ya kukata. Kikafungwa. Nikatoka na diploma yangu ya ushonaji na mkasi mmoja, tukapanga chumba hiki na wifi, tukaanza kushona mapazia na sare za shule. Kiwandani yakabaki majengo matupu: mapaa marefu, sakafu nene, na nyaya za umeme zenye nguvu za kuendesha mashine mia.

Majengo hayo ndiyo yaliyowavuta vijana watano kutoka chuo cha ufundi, binti yangu akiwa mmoja wao. Walipanga pembe moja tu ya jengo, kwa kuwa kwingine kote walifukuzwa kwa kelele. Walikuwa wanatengeneza mkono wa chuma wa kupanga chupa kwenye kreti. Majirani walinicheka. Wakasema binti anatengeneza mkono wa chuma ilhali wa kwake haujawahi kufua soksi. Hapo walisema kweli. Soksi nilifua mimi.

Mkono ulifanya kazi vizuri siku nne, siku ya tano ukakwama. Vumbi la pamba la miaka thelathini lilikuwa bado limejaa mle ndani, likaingia kwenye grisi ya kiwiko, grisi ikawa tope. Wakaagiza kifuniko kutoka mbali. Kilipasuka wiki ileile. Binti akaniletea.

"Mama, kiraka tu."

Nilikigeuza nje ndani. Kimepasuka kiwikoni, kwenye mshono. Aliyekishona alipima mkono ukiwa umenyooka. Kila mwanafunzi wa ushonaji hufanya kosa hilo mara moja: mteja anasimama wima kama askari, unampima, unamshonea, halafu siku ya kwanza anainua mkono kuchukua kitu kabatini na shati limekwisha.

"Nipeleke kwa mteja," nilimwambia.

Nikampima roboti kama ninavyompima mtu. Binti anabonyeza, mkono unakunjwa, nami nazungusha futi. Unainuka, napima. Unapinda nyuma, napima. Vijana walicheka hadi wakashika matumbo nilipouambia ule mkono, "Inua kwapa, baba." Nikaharibu mashati kumi na moja. Miezi minne. La kumi na mbili nililitia kikwapa, kile kipande cha kitambaa tunachoweka chini ya bega la kanzu, ila nilikiweka ndani ya kiwiko, na upande wa nje nikaweka marinda. Shati hilo lilidumu mwaka mzima bila kufumuka hata uzi.

Sasa mji una karakana ishirini na tatu za roboti. Duka lililokuwa likiuza ndoo linauza mota. Mama mwenye nyumba wa nyuma yetu ameandika kwenye kibao: chumba, maji ndani, karibu na roboti, kana kwamba roboti zitamletea mpangaji chai. Na agizo hili la mikono mia tatu na sitini, yote ije imevaa, ndilo kubwa kuliko yote ambayo karakana ya binti yangu imewahi kupata.

"Yule ana mashine nane," alisema wifi. "Na turubai analijua. Alishona mahema."

Hakutaja jina la mtu, na hakuwa na haja. Fundi wa ng'ambo ya barabara, mlango wake unatazamana na wetu, tunamwita Kola, maana kola ya shati lake husimama hata yeye akiwa amelala. Mwaka wa kwanza baada ya kiwanda kufungwa nilibuni mfuko wa sare wenye kitako cha kitambaa mara mbili, ili kalamu isitoboe. Wiki mbili baadaye mfuko wangu ulikuwa dirishani kwake. Shule tatu zikanihama. Tangu hapo namsalimia kwenye misiba tu.

"Kiolezo hiki ndicho kitu pekee nilichonacho ambacho yeye hana," nilisema. "Akikipata, mwezi ujao tunarudi kwenye mapazia. Bora kazi itoke nje ya mji kuliko iende kwa Kola."

Wifi aliacha uzi.

"Rudia."

"Umesikia."

"Nimesikia. Nataka na ovaloki isikie, maana inaweza kukosa kazi."

Hapo akaingia mwanamume mwenye ovaroli la kijani, akisukuma toroli. Ndani ya toroli mlikuwa na mkono wa roboti uliofunikwa shuka la maua.

"Shikamoo mama. Nimeambiwa wewe ndiye unayewashonea."

"Marahaba. Nani kakuambia?"

"Binti yako."

Ovaroli lile nililijua. Ni la karakana ya pili kutoka ya binti yangu, wale walioichukua kazi ya kiwanda cha sabuni mbele ya macho yake. Alilia siku mbili, nikamkanda kichwa kwa maji ya moto kama mtoto.

"Acha toroli hapo," nilisema. "Ngoja nikamuulize mwenyewe."

Si mbali, ni mitaa miwili. Nilipita muuza mota, nikapita kijana anayechomea fremu, miwani nyeusi puani, nikaingia jengoni. Binti yangu alikuwa chini ya meza, miguu tu nje.

"Toka huko."

"Mama, nimeshika waya."

"Basi usiuachie, lakini nijibu. Yule wa ovaroli la kijani si ndiye aliyekunyang'anya kazi ya sabuni?"

"Ndiye."

"Na wewe unamleta kwangu?"

"Mama, mkono wake umevaa shuka. Tena la maua."

"Hilo ni shauri lake."

Alitoka, akajifuta mikono kwenye suruali, suruali niliyoifua jana, akakaa sakafuni.

"Muuza beringi wa pale kona unamjua? Tulipokuwa peke yetu nilimwomba afungue duka hapa. Alinicheka. Akasema kwa mteja mmoja hafungui duka. Tukawa tunaagiza na kungoja wiki sita kwa beringi ndogo kama pete. Tulipofika karakana saba alikuja mwenyewe, hata hatukumwita. Wa mota naye vilevile. Huyo wa kijani alininyang'anya kazi ya sabuni, ni kweli. Miezi miwili baadaye mota yangu ikaungua usiku wa kuamkia majaribio, nikachukua ya kwake. Angekuwa yuko mji mwingine ningefunga karakana."

Aliniangalia.

"Mama, mashati yatafika?"

Ningeweza kumdanganya. Mimi sidanganyi kuhusu kazi.

"Mia moja sitini na nane."

Alijifuta mikono tena kwenye suruali.

"Mteja ameniambia mikono isipokuja imevaa, agizo lote anahamishia kwa karakana ya mji mwingine. Wana washonaji thelathini."

"Na mashati yao yanapasuka kiwikoni."

"Yatapasuka baada ya kufika, mama. Yetu hayatafika."

Nikarudi kwa miguu, polepole kidogo kuliko nilivyokwenda. Kiwandani, kabla ya kufungwa, tulikuwa na fundi mmoja tu aliyejua kuirekebisha mashine kubwa ya kukata. Alijivuna, hakumfundisha mtu. Alipolazwa hospitali, idara yangu ilikaa siku tisa tukisuka nywele. Nilimsema sana mtu yule. Na sasa mji mzima unavalishwa na mwanamke mmoja mwenye karatasi kwenye kabati lenye kufuli, na mwanamke huyo anaona fahari. Nikiumwa wiki moja, mikono yote inavaa shuka.

Sikumsamehe Kola. Nasema mapema asije mtu akanisifu.

Nilifungua kabati, nikatoa kiolezo, vipande vyote tisa. Wifi alinitazama, akasogeza kiti kunipisha. Nikavuka barabara.

Kola alikuwa anapiga pasi. Aliponiona aliiweka pasi pembeni na kuangalia nyuma yangu.

"Kuna msiba?"

"Hakuna. Futa meza."

Akaifuta. Nikatandaza vipande. Aliinama, akafuata mstari wa kiwiko kwa kidole bila kugusa karatasi, na nikaona uso wake ukibadilika pale kidole kilipofika kwenye kikwapa. Fundi ni fundi.

"Umekiweka ndani ya kiwiko," alisema taratibu.

"Mashati mia moja tisini na mbili, yale tusiyoyaweza sisi. Siku ishirini na moja. Uzi wa nailoni, mshono mara mbili, na kila shati linapita kwangu kabla ya kutoka. Likiwa baya nalifumua mbele yako."

"Umekuja na kazi au na polisi?"

"Vyote."

Alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Dada, ule mfuko wa sare..."

"Usiutaje."

"Niliuiga."

"Najua. Miaka yote hii najua. Tena kitako ulikishona kwa mshono mmoja, ndiyo maana kilikuwa kinatoboka. Una karatasi ya kaki?"

Alikuwa nayo, bunda zima. Akaleta na chaki. Mlangoni wifi yangu alikuwa ameshafika, toroli la yule mteja wa kijani mbele yake, na nyuma yake mafundi wengine wa mtaani, kina dada wawili wanaoshona sare na mzee mshona mapazia wa mwisho wa mtaa. Hakuna aliyemtuma.

"Kwako zinatosha nakala mbili," nilimwambia Kola. "Hao nao moja moja."

"Wote hao?"

"Wote. Shika ncha hiyo, karatasi inateleza."

Akashika. Nikaanza kuchora kutoka begani.