Sauti ya Sikio la Kushoto

Watu wenye macho wana kasoro moja: wakiona kitu kinawaka, wanaamini kinafanya kazi. Nasema hivi kwa hasira, na sitaomba radhi.

Mimi ni mchapaji katika baraza la mashauri ya ardhi. Mashahidi wanasema yao mbele ya mwenyekiti, kinasa sauti kinanasa, halafu rekodi inaletwa kwangu niiandike neno kwa neno, hata kikohozi kama kikohozi kina maana. Sioni tangu nikiwa na miaka sita, surua ilinipitia. Kazi hii nimeifanya miaka ishirini na saba. Sikio la kulia ni la shahidi. Sikio la kushoto ni la kompyuta, inayonisomea kila ninachoandika, tena kwa kasi ambayo wengine wakiisikia wanadhani ni kuku waliomwagiwa mtama. Mguu uko juu ya kanyagio: nikikanyaga shahidi anasema, nikiachia ananyamaza. Nimewanyamazisha wakubwa wengi kwa namna hiyo, na hawajui.

Ofisi nzima inaniita Shangazi, hata karani mkuu ambaye amenizidi umri, kwa sababu fundi wetu wa kompyuta ni mtoto wa kaka yangu. Nimemlea mwenyewe baada ya kaka kufariki, na nimemsomesha kwa kazi hii hii ya masikio. Sasa ana miaka thelathini na mmoja. Mrefu, naambiwa. Mbishi, hilo sihitaji kuambiwa.

Yeye ndiye aliyeleta habari za mfumo huria wa kompyuta. Kila mwaka ofisi ilikuwa inalipia leseni za mfumo wa zamani, na kila mwaka leseni zilichelewa na mashine zikagoma. Akawa hali chakula bila kuhubiri.

"Shangazi, huu hauna mwenyewe. Umetengenezwa na watu dunia nzima, wanaugawa bure. Msimbo wake, yale maandishi yanayouendesha, uko wazi. Kikiharibika kitu, mtu yeyote anafungua ndani na kurekebisha. Mabenki yanautumia. Hata hiyo simu yako, ndani yake ni huo huo."

"Na unaongea?"

"Unaongea. Kiswahili kabisa."

Nikafurahi, siwezi kukataa. Ile sauti yangu ya zamani ya kunisomea ilipatikana kwa barua tatu na machozi, na kila leseni ilipokaribia kuisha nilikuwa nalala roho juu. Kitu kisicho na mwenyewe, nani atakuja kukunyang'anya? Ndivyo nilivyowaza. Kwa hiyo kwenye kikao cha watumishi, makarani walipoanza kunung'unika kwamba hawataki kujifunza upya, nilisimama.

"Mimi nisiyeona nimekubali," nikasema. "Ninyi wenye macho mawili mawili mnaogopa nini?"

Wakacheka, wakapiga makofi, shauri likapita. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Kijana wangu aliujaribu kwanza, sitamsingizia. Alikuja mezani kwangu na mashine yake, akaandika "Shangazi hajambo," na mashine ikasema Shangazi hajambo, kwa sauti ya mtu aliyebanwa pua.

"Umeona?"

"Nimesikia," nikamjibu, tukacheka. Akachezesha rekodi moja pia, nikakanyaga, shahidi akasema, nikaachia, akanyamaza. Ijumaa hiyo akafuta diski yote ya mashine yangu na kupandisha mfumo mpya.

Jumatatu nikavaa hedifoni, nikaweka mguu mahali pake. Kulia akaanza mzee mmoja kueleza mpaka wa shamba lake. Nikaandika. Kushoto kimya. Nikaachia kanyagio, kushoto kukaamka. Nikakanyaga, kukafa tena. Nilidhani waya umelegea. Nikaushika, nikaugeuza, nikaomba Mungu.

Kijana wangu akaja, akabonyeza bonyeza, akavuta pumzi ndefu. Mfumo ulikuwa unaruhusu sauti moja kwa wakati mmoja. Rekodi ikishachukua njia, msomaji, yaani ile sauti ya kushoto, anafungiwa nje. Alikuwa amejaribu sauti peke yake ikaenda, akajaribu rekodi peke yake ikaenda, akaweka tiki mbili.

"Sikujua unasikiliza vyote kwa pamoja," akasema.

Miaka ishirini na mitano tumekaa nyumba moja. Miaka saba tumefanya kazi jengo moja. Hakuwahi hata siku moja kuvaa hedifoni zangu aone ninavyoupata mkate wangu.

"Basi nirudishie ya zamani."

Kwa sauti ndogo akaniambia kwamba leseni ya ile sauti ilifungwa kwenye diski ile ile aliyoifuta, na kampuni iliyotuuzia ilishafunga milango. Hakuna wa kuombwa nyingine.

Akawaandikia watengenezaji wa mfumo mpya. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, akanisomea. Walikuwa na adabu sana. Walishukuru kwa taarifa. Tatizo wanalijua, limeandikwa kwenye orodha tangu miaka minne iliyopita. Aliyekuwa anatunza sehemu hiyo alikuwa anajitolea, na ameacha. Msimbo uko wazi, na yeyote mwenye uwezo anakaribishwa kuurekebisha.

"Yeyote ndiye nani?" nikauliza.

"Ndiyo hivyo, Shangazi. Yeyote."

Asiyekuwepo na lake halipo. Katika watu wote hao wa dunia nzima, hakuna aliyekaa na mguu kwenye kanyagio na sauti mbili kichwani. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba sina wa kumlaani. Kampuni ya zamani walikuwa na tamaa, lakini walikuwa na anwani. Unaandika barua, unalia, mtu analazimika kuisoma. Hawa wamenipa bure, wamenikaribisha vizuri, na mlango wameuacha wazi. Ni ngazi tu ambazo hazipo.

Akaapa atautengeneza mwenyewe. Wiki saba alihangaika. Siku nyingine sauti zote mbili zilitoka sikio moja, zikavurugika. Siku nyingine msomaji alisoma neno baada ya mimi kufika mwisho wa sentensi. Alikonda, nilimshika mkono nikakutana na mifupa. Nilimhurumia na nikamchukia, yote kwa pamoja, na nilipomwandalia chai asubuhi sikujua ni kipi kinachoimimina.

Ofisi ikasonga mbele. Makarani wale wale walionung'unika sasa waliusifu: mashine nyepesi, haziumwi virusi, hakuna tena leseni ya kukatika katikati ya shauri. Na wana haki. Ni kweli yote. Mimi nilikuwa nakanyaga, nasikiliza sentensi, naachia, nasubiri sauti iamke, nasomewa, nakanyaga tena. Kurasa arobaini kwa siku zikawa sita. Rekodi zikaanza kupelekwa meza nyingine, kimyakimya, ili nisijisikie vibaya, kana kwamba sisikii droo zinavyofunguliwa.

Ndipo nikafanya ujinga wangu. Ilikuja rekodi ya bibi mmoja mjane, mashemeji wamemtoa kwenye kiwanja cha marehemu mumewe. Nikaikatalia meza nyingine. Nikasema hii yangu. Nikaamua kuandika bila sauti ya kushoto, kwa kuviamini vidole. Miaka ishirini na saba, vidole havijui njia? Nikaandika saa sita mfululizo, sikusimama hata kwa maji. Yule bibi alisema vizuri mno, taratibu, kila shahidi kwa jina lake, kila mti wa mpakani kwa mahali pake. Niliinuka nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu Jumatatu ile. Sikurudia kusomewa. Mtu mwenye furaha harudii.

Asubuhi ya shauri, karani mkuu akafungua kazi yangu mbele ya mwenyekiti. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umekaa kitufe kimoja pembeni, tangu ukurasa wa pili mpaka wa mwisho.

"Shangazi," akanong'ona, "haya si maneno."

Shauri likaahirishwa miezi minne, ndipo nafasi nyingine ilipopatikana. Kiwanja kikabaki mikononi mwa mashemeji hadi hapo. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa chumba changu yule bibi alipopita kwenye korido, nikaijua sauti yake mara moja. Alikuwa anamuuliza mtu aliyemshika mkono, "Kwani niliongea vibaya?"

Mchana karani mkuu akaniita. Alikuwa mpole hadi nikatamani anitukane. Akasema sauti yangu ni nzuri, nikae mapokezi, niwe nakaribisha wageni. Nikamwambia ahsante, nitafikiri. Nikarudi mezani kwangu, nikamwita yule fundi, mwanangu wa kulea.

"Kaa kwenye kiti changu. Vaa hedifoni. Zima skrini. Weka mguu. Niandikie ukurasa mmoja."

Hakubisha, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Nilisimama nyuma yake, mikono mabegani pake. Nikasikia kanyagio, nikasikia vidole, vikaenda, vikasita, vikarudi nyuma, vikaenda tena. Halafu vikasimama kabisa.

"Shangazi, sijui niko wapi."

"Ndipo nilipo."

Akalia. Nikamwacha alie, sikumbembeleza, sikuwa na kitu cha kumpa. Alipomaliza nikamwambia awashe skrini afungue ukurasa mpya. Akauliza anaandika nini. Nikamwambia barua ya kuacha kazi, kwa karani mkuu, na aweke tarehe ya leo.

"Shangazi, tafadhali."

"Andika. Mimi vidole vyangu siviamini tena."

Nikamtajia, sentensi tano, akaandika. Akaichapa, akairudisha mezani ikiwa bado ya moto, akanisomea mara mbili bila kuruka neno. Kisha akanishika kidole, akakisogeza polepole juu ya karatasi mpaka chini, mahali pa kutia sahihi.