Karatasi Moja kwa Seva Kumi na Sita

Jumamosi hiyo saa mbili asubuhi, Marit Skogen alitundika koti lake lenye theluji nyuma ya mlango wa chumba cha seva, akapanga mezani kahawa, miwani na daftari. Ushirika wao wa wakulima wa ngano ulikuwa na maghala kumi na sita, na kila ghala lilikuwa na seva yake humo chumbani. Zote zilisubiri mfumo endeshi mpya.

Simu ikalia. Dada yake, Inga.

"Saa sita uwe kanisani. Mwaka jana ulisema unakuja, mwaka juzi ulisema unakuja. Leo usipotokea, kikaango cha mama nampa Phyllis."

"Phyllis! Yule anayeunguza hata maji?"

"Basi njoo."

Kwenye kikaango hicho mama yao alipika chapati za viazi za karamu ya kanisa miaka arobaini.

Zamani Marit alikaa mbele ya seva moja moja akijibu maswali yale yale: lugha gani, diski ipi, jina gani. Siku nzima iliishia hapo. Safari hii majibu aliyaandika mara moja, kwenye faili moja. Pale seva zinapotofautiana aliacha nafasi, zile ambazo mafundi huziita vibadilika, na kando akaweka orodha ya mistari kumi na sita, kila mmoja na jina la ghala lake. Kila seva ingejisomea mstari wake na kujaza yenyewe.

"Si uwashe zote?" akauliza Gordy, mwenzake, donati mdomoni.

"Mbili kwanza."

Dakika ishirini zikapita, seva zikaamka. Ya kwanza ikajitambulisha: Fossum. Ya pili nayo: Fossum.

"Hongera mama, umepata mapacha!" Gordy akacheka.

Marit akavaa miwani, akapitia faili mstari kwa mstari. Alikuwa ameianza kwa kunakili majibu ya seva ya Fossum, aliyoifungia mfumo kwa mkono mwezi uliopita kwa majaribio, na jina lake lilibaki pale palipotakiwa nafasi. Akalifuta, akaweka kibadilika.

"Wangekuja kumi na sita, ungecheka hivyo?"

Gordy akamsogezea donati.

Kisha akaziwasha zote. Majina yakaanza kuingia, Fossum, Vang, Bygland, naye akiyatia tiki kwa penseli moja baada ya jingine. Ile kongwe ya Nielsville ilijivuta mpaka saa tano na nusu, lakini nayo ikajitaja vizuri.

Kanisani alifika na Gordy, wakamkuta Phyllis ameshafunga aproni.

"Pole mpenzi, nivulie hiyo," Marit akasema. Inga akamkabidhi kikaango, akitabasamu.

Chapati ya kwanza ilitoka imepinda. Marit akaitia kwenye sahani ya Gordy.

"Hiyo ya majaribio," akamwambia, akaanza kusukuma ya pili.