Tumbo la Ng'ombe wa Mboje

Ndaki alikuwa na maksai wawili wa kulimia, Diwani na Mwenyekiti, na aliwapenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri mbele ya mkewe. Diwani alipewa jina hilo kwa sababu ya kitambi chake. Mvua za kwanza zilipoanza, shamba la pamba likisubiri jembe, Diwani alijikata mguu kwenye seng'enge na kidonda kikavimba.

Mtu mwingine angemwita afisa mifugo. Ndaki alikwenda duka la dawa Bariadi mjini akanunua rangi mbili, vile vidonge vya binadamu vya kutibu vidonda, akavifungua, akakoroga unga wake kwenye uji na kumnywesha Diwani kwa chupa ya soda, asubuhi na jioni, wiki nzima. Mwenyekiti naye alinyweshwa kama kinga, na pia asije akajiona amebaguliwa. Ndaki ndivyo alivyo, akipenda anapitiliza.

Kidonda kilipona vizuri, ila Diwani akaacha kula. Alisimama zizini kichwa chini, tumbo limenywea, hacheui. Hata Mwenyekiti akawa anadokoadokoa majani bila hamu. Hapo Ndaki aliogopa kweli. Bila Diwani hakuna kulima, hilo alilijua, lakini hofu yake haikuwa ya pamba. Alimlea yule ng'ombe tangu akiwa ndama.

Gloria, afisa mifugo wa kata, alikuja na pikipiki yake. Aliweka sikio ubavuni mwa Diwani akasikiliza. Tumbo la ng'ombe mzima huunguruma. Hili lilikuwa kimya.

"Baba, ng'ombe hawezi kumeng'enya majani peke yake," alisema. "Tumboni mwake wanaishi bakteria wengi mno. Wao ndio wanaoyavunjavunja, na yeye anaishi kwa kazi yao. Dawa yako imewaua pamoja na wale wa kidonda."

"Kwa hiyo nimemuua mwenyewe?"

"Bado hajafa. Tumwombee bakteria kwa ng'ombe mwingine. Nani hapa ana ng'ombe anayekula chochote na haugui?"

Elina, mke wa Ndaki, alikohoa akatazama pembeni. Ng'ombe huyo alijulikana kijiji kizima. Alikuwa wa kaka yake Elina, Mboje: jike jembamba la rangi ya majivu, lililokula mabua, maganda, hata boksi la sabuni. Kwa miaka mingi Ndaki alikuwa akiliita jalala. Ulikuwa utani wa mashemeji, sawa, lakini aliurudia hata kwenye harusi, kipaza sauti mkononi.

Gloria alionya kwamba bakteria hao hawapendi baridi, kwa hiyo Ndaki alikwenda na chupa ya chai, ile ya wageni. Elina alimkabidhi huku akimwambia asiirudishe jikoni kwake.

"Mwadila, mlamu," Ndaki alimsalimia shemeji yake, kisha akaeleza yote bila kuficha uji wala vidonge. Mboje alisikiliza mpaka mwisho, uso mkavu. Ndaki akajua leo utani umemtokea puani.

"Unataka kilichomo tumboni mwa jalala," Mboje alisema.

"Nataka. Nisamehe, mlamu. Ng'ombe wangu anakufa."

Mboje alimtazama machoni, akaona hakuna mzaha. "Sasa mbona umekaa? Vua saa, kunja shati."

Walisubiri jike lile lilale na kuanza kucheua. Mboje alilishika taya, Ndaki akatia mkono mdomoni na kuchomoa tonge la kijani, la moto, lenye harufu ya kukata pumzi. Walirudia hivyo, wakichanganya na maji ya uvuguvugu, mpaka chupa ikajaa. Shati liliharibika lote na Ndaki hakujali. Mboje alipanda baiskeli akafuatana naye. Alisema anaogopa shemeji yake atakoroga na uji.

Waliwanywesha maksai wote wawili, na kesho yake tena.

Asubuhi iliyofuata Ndaki alikuta nyasi za jioni zimekwisha. Diwani alikuwa amelala, macho nusu yamefumba, taya likienda upande na kurudi upande. Ndaki aliweka sikio ubavuni. Ndani kulikuwa na ngurumo. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke.

Elina alikuja na nira begani. "Tunalima?"

"Leo hapana," alisema Ndaki, sikio bado liko palepale. "Wapangaji wa tumboni wamehamia juzi tu. Waache kwanza wazoee nyumba."